Umekuja na Nani?

Kabla mgeni hajafungua mdomo, watu wa Karatu na Ngorongoro wanakuwa wameshamsoma. Kashuka kwenye gari gani? Nani kamtangulia, nani anamfuata, mkononi kashika nini? Mwenye kamera ni mtalii, atapita. Mwenye faili katumwa na serikali au na shirika, huyo anajibiwa kwa uangalifu. Mwenye fimbo na ng'ombe wawili siku ya mnada haulizwi kitu, biashara yake inajieleza. Sasa kijana wa miaka kumi na tisa, shati jeupe, tai, kibao cheusi kifuani, anayetembea bega kwa bega na kijana mwingine aliyevaa vilevile, huyo hana fungu. Na mgeni asiye na fungu wenyeji humtafutia wao.

Vijana hao ni wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao wengi wetu tunawaita Wamormoni. Kanisa lao lilitambuliwa nchini mwaka 1992, na tangu 2020 lina misheni yenye makao Dar es Salaam. Mvulana anaruhusiwa kuanza akiwa na miaka 18. Anatumika miaka miwili bila mshahara, na muda wote huo hatembei bila mwenzi wake. Kila baada ya wiki sita hivi inatoka orodha ya uhamisho: huyu abaki, yule afungashe. Wengine wametoka Utah na hawajawahi kulala mahali pasipo na umeme. Wengine ni Waafrika wenzetu, wanaojua vizuri sana maana ya kuchota maji.

Mimi si wa kanisa hilo na sina ubavu wa kumfundisha kijana dini yake. Lakini tuseme kesho anapangiwa eneo jipya, barabara ya Makuyuni na Mto wa Mbu inamleta mpaka Karatu, na juu yake liko lango la Lodoare la kuingilia Ngorongoro. Nchi hii imewapokea wamisionari wengi kabla yake. Baadhi walilipa gharama kubwa kwa kutojua walivyoonekana, na mara nyingi zaidi waliolipa ni wenyeji.

Kisa cha kwanza kilitokea Akeri, chini ya Mlima Meru, Oktoba 1896. Ewald Ovir na Karl Segebrock walikuwa Walutheri wa misheni ya Leipzig, vijana wa miaka ishirini na ushei, wazaliwa wa nchi za Baltiki. Walitoka Uchagani wakitaka kujenga kituo cha kwanza kwa Wameru. Mangi, mtawala wa Wameru, aliwapokea, na kwa hesabu yao ruhusa ya mangi ilitosha. Ila siku zilezile Kapteni Johannes, mkuu wa kituo cha Wajerumani cha Moshi, naye alikuwa kapiga kambi jirani pamoja na askari wake na wapiganaji wa Kichaga. Vijana wa Kimeru na wa Kiarusha waliokuwa na mikuki hawakuona misheni upande huu na jeshi upande ule. Waliona Wazungu waliofika pamoja. Usiku wakalivamia hema la wamisionari, wakawaua wote wawili na baadhi ya Wachaga waliofuatana nao, kisha wakaiendea kambi ya Johannes, na huko wakashindwa.

Johannes alirudi na jeshi. Nyumba zikachomwa, watu wakauawa, mifugo ikaswagwa. Mwaka 1900 viongozi kadhaa wa Meru na Arusha walinyongwa Moshi pamoja na Mangi Meli wa Wachaga. Kituo walichokitaka wale vijana kilikuja kusimama Nkoaranga mwaka 1902, na leo Umeru umejaa Walutheri ambao wanawaheshimu Ovir na Segebrock kama mashahidi wa imani.

Ni haki yao kuwaheshimu. Ila kisa kikisimuliwa hivyo tu, kijana mgeni hajifunzi kitu zaidi ya ujasiri, na ujasiri hawakuupungukiwa. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia: ondokeni hapa leo, rudini mwezi ujao, huyo kapteni akiwa hayupo. Nia yao ilikuwa njema, sina shaka. Lakini usiku ule, kwa aliyesimama mlimani akitazama chini, kulikuwa na mioto ya kambi mbili tu, na yote ilikuwa ya wageni wa aina moja.

Usidhani hayo yaliisha na Wajerumani. Wamasai waliohamishwa Serengeti waliwekwa Ngorongoro mwaka 1959, hifadhi ilipoundwa ili watu, mifugo na wanyamapori waishi pamoja. Tangu Juni 2022 familia nyingi zimehamia Msomera, wilayani Handeni, katika mpango ambao serikali inauita wa hiari na ambao wengi waliobaki hawauiti hivyo. Agosti 2024 wakazi waliandamana kwenye barabara ya hifadhi wakidai, pamoja na mengine, haki ya kujiandikisha kupiga kura katika vijiji vyao wenyewe. Mahali penye historia hiyo, mgeni nadhifu mwenye daftari anayeuliza boma hili lina watu wangapi hahojiwi kuhusu Biblia. Anaulizwa katumwa na nani. Kijana akiomba lifti kwenye gari la hifadhi, au la watalii, amejibu swali hilo kabla hajashuka. Afadhali achelewe siku mbili, aende kwa miguu na mtu wa boma lilelile, apitie kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa laigwanani, kiongozi wa kimila, akae alipoonyeshwa pa kukaa.

Na akiingia, asikimbilie kunyoosha mkono. Watoto huinamisha kichwa waguswe utosini, wakubwa hushikana mikono. Mwanamume husalimiwa kwa salamu yake na mwanamke kwa nyingine, kila moja na kiitikio chake. Kijana huyu, kwa desturi ya kanisa lake, huitwa Mzee. Hilo abaki nalo kanisani. Kwenye boma wazee ni wale waliokalia vigoda, na yeye ni wa kuangalia mwenyeji wake anafanyaje, halafu afuatishe.

Karatu mjini hali ni tofauti. Wairaqw, walio wengi hapa, wenyewe ni watu waliohamia kutoka nyanda za juu za Mbulu, na wanajua ugeni ni nini. Mji una Wakatoliki na Walutheri wa tangu zamani, una hospitali ya Kilutheri, na mbunge wake kuanzia 1995 hadi 2010, Dk. Wilbrod Slaa, alikuwa padri wa Kanisa Katoliki kabla ya siasa. Anayedhani analeta habari za Yesu hapa kwa mara ya kwanza atafundishwa Waraka kwa Warumi na bibi anayepukuchua mahindi. Tena ataulizwa swali ambalo vijana wengi hulikwepa: kwa nini kanisa lenu lilichelewa hivyo kuja Afrika? Jibu lipo. Mpaka Juni 1978 kanisa hilo halikuwapa wanaume weusi ukuhani wake. Ajibu swali hilo moja kwa moja, hata kama ulimi unakuwa mzito, kwa sababu muulizaji mara nyingi anajua tayari na anapima mtu tu.

Kinachoweza kumkwamisha Karatu ni kitu kidogo zaidi: chai. Tangu 1833 Wamormoni wana fundisho la afya linalokataza pombe na tumbaku, na pia vinywaji vya moto, ambavyo kwa ufafanuzi wao ni chai na kahawa. Sasa huyu kapelekwa mji uliozungukwa na mashamba ya kahawa, kuanzia miteremko ya Oldeani hadi kwenye mpaka wa msitu wa Ngorongoro, na ambako hodi ikishaitikiwa sufuria imeshapandishwa jikoni.

“Karibuni chai, wanangu.”

“Asante mama, sisi hatunywi chai.”

Maneno matano, ya adabu kabisa, na nyumba imeshapoa. Mama hajui kama wanaogopa maji yake, vikombe vyake au yeye mwenyewe. Hatawauliza, atasema “haya”, atakaa, atasikiliza mpaka mwisho, na wiki ijayo mtoto atatumwa mlangoni kusema mama hayupo. Kijana anarudi alikopanga akiandika kwamba familia hii haikuwa tayari kupokea ujumbe. Walikuwa tayari, aliyekataa kupokea ni yeye.

Na dawa yake si kuvunja mwiko. Fundisho lao linagusa majani ya chai, haligusi maziwa, wala uji, wala mchaichai. “Mama, dini yetu inatukataza majani ya chai, lakini kama una maziwa, au mchaichai, tutashukuru sana.” Hapo mama ana la kufanya. Atamtuma mtoto nyuma ya nyumba akakate mchaichai, na wakati maji yanachemka ataanza kuuliza hiyo dini ni ya namna gani. Mwislamu anayekaribishwa chakula na jirani asiye Mwislamu anaijua njia hii tangu utotoni: unakataa kitu, humkatai mtu, na unasema mapema, kabla sahani haijafika.

Kisa ninachotaka kukaa nacho kirefu ni cha Loliondo, kaskazini ya wilaya ya Ngorongoro, karibu na mpaka wa Kenya. Vincent Donovan alikuwa padri Mmarekani wa Shirika la Roho Mtakatifu, mzaliwa wa Pittsburgh, na alifika Loliondo katikati ya miaka ya 1960 akiwa si mgeni wa nchi. Misheni aliyoikuta ilikuwa inafanya kazi nzuri kwa kila kipimo cha kawaida. Shule ilikuwepo, matibabu yalikuwepo, gari lilibeba wagonjwa, mapadri walikuwa marafiki wa watu. Mei 1966 alikaa akamwandikia askofu wake barua ya wazi mno: baada ya miaka yote hiyo, mapadri walikuwa hawazungumzi na Wamasai habari za Mungu, na Wakristo waliotokana na kazi yote ile hawakuonekana. Misheni ilijulikana kwa gari lake na darasa lake. Watu walikuwa wameshaipa fungu, na fungu lenyewe lilikuwa la mtoa huduma.

Akaomba aachiwe aende bomani bila shule, bila dawa, akazungumze na watu wazima tu. Askofu akakubali. Donovan aliweka miadi na jamii sita tofauti, kila moja siku yake ya wiki, asubuhi na mapema kabla mifugo haijatawanyika. Alipomweleza mzee mmoja, Ndangoya, kwamba safari hii hakuja na shule wala hospitali ila na neno la Mungu, Ndangoya akamuuliza: kama hilo ndilo lililowaleta, mbona mmekaa muda wote huu bila kulisema? Donovan amekiandika kisa hicho mwenyewe katika kitabu chake kilichotoka 1978, na hakujitetea.

Ingeishia hapo ingekuwa hadithi ya mtu aliyezinduka. Lakini lililo gumu lilikuja mwaka mmoja baadaye, akiwa ameshajiona amejua. Mafundisho yalikwisha, siku ya kusema nani abatizwe ikafika, na jamii nzima ikakusanyika. Padri akaanza kuchambua, kama alivyofundishwa seminari. Mzee huyu alikosa vipindi vingi. Mtu yule hakuelewa vya kutosha. Kijana huyu hakujitahidi. Wale pale wamefaulu.

Ndangoya akamkatiza, kwa upole lakini bila kurudi nyuma. Kwa nini unataka kututenganisha? Mwaka mzima tumezungumza haya pamoja, wewe ukiwa hapa na ukiwa umeondoka. Ndiyo, wapo wavivu kati yetu, na wenye bidii wamewasaidia. Wapo wazito wa kuelewa, na wepesi wamewaeleza. Wapo wenye imani haba, na wenye imani nyingi wamewabeba. Akamwambia padri kwamba anaweza kusema kwa niaba ya wote: wanaamini.

Donovan akawabatiza wote.

Angalia ni mtu gani aliyekuwa ameteleza. Si limbukeni. Ni mtu mwenye miaka mingi nchini, aliyeacha shule na dawa kwa hiari, aliyekuwa ameketi bomani asubuhi baada ya asubuhi, na bado mkononi alikuwa na rejista. Kipimo chake kilihesabu mtu mmojammoja, kiliweka alama ya mahudhurio, kilitenga waliopita na waliofeli. Boma lenyewe lilikuwa linahesabu kwa namna nyingine kabisa, na lilikuwa limeshafundishana bila yeye. Kama Ndangoya angekuwa mtu wa kunyamaza kwa heshima, kama wazee wetu wengi wanavyonyamaza mbele ya padri, familia zingegawanyika siku ile na hakuna ambaye angejua kwa nini.

Kati ya zile jamii sita, mojawapo ilisikiliza mwaka mzima kisha mzee wao akamwambia padri, kwa shukrani, kwamba wameelewa na hawataki. Aliondoka na hakuwasumbua tena. Baadaye aliandika kuwa kukataliwa kule kulimfundisha kuliko mengi mengine. Naamini. Kijana wa kibao cheusi akifunzwa jambo hili mapema ataokoa miguu yake na usingizi wa watu.

Maana rejista yake ni kali kuliko ya Donovan. Kila wiki anaripoti amefundisha wangapi, wangapi wamekuja kanisani, wangapi wana tarehe ya ubatizo. Ripoti zenyewe si dhambi, mkulima naye anahesabu magunia. Tatizo linajulikana ndani ya kanisa lake mwenyewe. Huko Uingereza, kuelekea 1960 na miaka michache iliyofuata, wamisionari vijana walianzisha timu za mpira wa besiboli, mchezo ambao watoto wa Kiingereza hawakuujua, na mvulana aliyetaka kucheza akajikuta amebatizwa. Hesabu zikapanda ajabu. Wazazi wengine hawakuelewa walichotia saini, watoto wengine walidhani wamejiunga na klabu. Waliokuja baada yao walitumia miaka kuwatafuta watu hao mitaani na kufuta majina. Vijana waliofanya hivyo hawakuwa matapeli. Walikuwa vijana wa rika lake, mbali na kwao, na juu yao kulikuwa na kiongozi aliyetaka namba.

Sisi wenyewe tumeona namba. Mwaka 2011 watu wasiohesabika walipanga foleni ya magari mpaka Samunge, wilaya hii hii ya Ngorongoro, kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kwa shilingi 500. Wapo waliofia njiani, wapo walioacha dawa zao za hospitali. Mawaziri walikwenda. Kisha foleni ikakatika, na mchungaji akaendelea kuishi palepale mpaka alipofariki mwaka 2021. Umati ulikuwa wa wapita njia.

Turudi kwenye orodha ya uhamisho, kwa sababu hapo ndipo ushauri mwingi huishia hewani. Wiki sita hazitoshi hata kujua ni nani katika kitongoji hapatani na nani. Ukimwambia kijana akae miaka mingi kama Donovan unamcheka tu, hana mamlaka hayo. Lakini katika utaratibu wao kwa kawaida wawili hawahamishwi pamoja: mmoja huondoka, mmoja hubaki na kupokea mwenzi mpya. Huyo anayebaki ndiye wa thamani. Wengi humkabidhi mgeni simu, funguo na majina ya wanaofundishwa, kisha jioni ileile wanaingia kazini. Watu wanafungua mlango, wanakuta sura moja wanayoijua na nyingine ngeni, na ile waliyoizoea imetoweka bila kuaga. Kwetu mtu anayetoweka bila kuaga ana deni, au ana kesi.

Basi siku mbili za mwisho zitumike kuaga. Anayeondoka apite nyumba kwa nyumba na mwenzake, aanze na wakubwa: mwenyekiti, mwenye nyumba waliyopanga, wazee wa tawi lao kama lipo, na hata yule mzee wa Kilutheri aliyewakatalia mlango mara ya kwanza. Aseme jina la anayekuja, anatoka wapi na wazazi wake wanafanya kazi gani. Mgeni akifika, anayebaki ampeleke kwa watu walewale kwa mpangilio uleule, wakae, wasifundishe kitu siku hiyo. Na kwenye daftari la eneo, juu ya majina ya wanaofundishwa, yaandikwe majina ya waliokataa, na mbele ya kila jina maelekezo mafupi: huyu asalimiwe barabarani, asifuatwe nyumbani.